Mstari wa Chini

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na huyo bibi mdogo wa miezi minane anayewanyima usingizi. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unaonisumbua, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika ninakokwenda, na mimi ningefurahi kukatizwa.

Baba amelazwa. Usishtuke, soma polepole. Ni nimonia, leo siku ya sita, na yuko wodini kwangu, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Alianguka kwenye chumba cha dobi, pasi mkononi. Najua utauliza mzee wa miaka sitini na minne, aliyestaafu akaagwa kwa keki na hotuba, anafanya nini tena na mashuka ya hospitali. Najua pia jibu ulilo nalo: kiinua mgongo chake alikimalizia kwa yule mama wa duka la vifungo, na sasa yamemtokea puani. Ulisema asikanyage kwako, wala asimwone mtoto utakayemzaa, mpaka aseme fedha zilikwenda wapi. Mwaka umepita hajasema. Leo nitasema mimi.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Unakumbuka mliniita Kipimo kwa sababu nilipima kila kitu, hata mkate kabla haujakatwa, nisije nikapunjwa. Tabia hiyo haijanitoka. Miaka miwili iliyopita mfamasia wetu alinionyesha anavyonunua hisa kwa simu, akazikalia siku kumi au wiki mbili, akauza zikipanda. Alisema si kamari, kuna chombo cha kuangalia. Akafungua chati. Bei ilikuwa inapanda na kushuka kati ya mistari mitatu. Wa kati ni wastani wa bei ya siku ishirini, wa juu na wa chini ni kingo. Soko likichafuka kingo zinatanuka, likitulia zinabana. Bei ikigusa mstari wa chini, imeshuka kupita kiasi, unanunua. Ikirudi katikati au juu, unauza.

Dada, nilicheka peke yangu kama chizi. Karatasi ile naijaza kila siku! Ni chati ya joto la mgonjwa. Mtu akitoka nje ya mstari tunaandika, tunasubiri, na mara nyingi anarudi. Nikajiona nimezaliwa kwa kazi hiyo. Mfamasia alinionya mambo mawili. Kwanza, mistari ikibana sana jua kishindo kinakuja, lakini haikwambii kinaelekea wapi. Pili, usinunue kabla hujaweka kikomo: bei ikishuka hadi hapo, unauza na kukubali hasara. La kwanza lilinivutia. La pili nililiona ni la waoga.

Miezi minne ilikwenda vizuri. Nilimweleza Baba wakati ananinyooshea sare, maana hata baada ya kustaafu hakukubali mtu mwingine aiguse kola yangu. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni nini hasa kinachoirudisha bei katikati. Nikamwambia ni wastani. Akasema yeye miaka thelathini na mmoja hajaona shuka likijinyoosha lenyewe, kwa hiyo angependa kujua huko sokoni nani ameshika pasi. Nikamcheka, nikamwambia hayo ni mambo ya kisasa.

Halafu ikaja hisa ya kampuni moja ya saruji. Mistari yake ilibana wiki tatu nzima, hadi ikakaribia kugusana. Kishindo kikaja, bei ikatoboa mstari wa chini. Nikanunua. Haikurudi. Kesho yake ilishuka tena, na mstari wenyewe ukashuka nayo. Hapo ndipo nilipokosea, na nadhani muuguzi tu ndiye angekosea vile. Kwenye chati yetu mstari wa kawaida umechapwa, hausogei, na nyuma yake kuna mtu kitandani anayepigania kurudi. Kule mstari unachorwa na bei yenyewe. Bei inaweza kuuegemea na kuteremka nao siku baada ya siku. Nami kila ilipougusa niliongeza nyingine, nikijiambia homa hii haiwezi kuzidi hapa.

Nilikuwa naangalia simu nyuma ya kabati la mashuka. Mchana mmoja muuguzi mkuu aliniita, akaniuliza kwa upole ni mgonjwa gani aliye hai mwenye joto la mia na kumi na mbili. Nilikuwa nimeandika bei ya saruji kwenye chati ya mtu. Wenzangu walicheka, nikacheka nao, kisha nikarudi nyuma ya kabati.

Sasa nafika. Fedha hizo hazikuwa zangu. Theluthi ya kiinua mgongo Baba alinipa kwa mkono wake, nimjaribie. Iliyobaki nilichukua bila kumwambia, kwa kuwa namba yake ya siri ninayo mimi, macho yake hayasomi simu. Nilimwambia ilipokwisha yote. Hakunigombeza. Aliinamisha kichwa, akaniomba nisikwambie. Alisema mimi nashika dawa za watu, na nikiitwa mwizi hakuna atakayenipa mkono wake nimchome sindano. Yeye ni mzee, akiitwa mhuni watu watacheka wiki moja wasahau. Na binti yake, alisema, atamsamehe.

Yule mama wa vifungo hana kosa lolote. Siku ulipomwona Baba akitoka dukani kwake na mfuko, akanyamaza ulipomuuliza, mfuko ule ulikuwa na mashati ya wateja wa huyo mama, aliokuwa akiwashonea vifungo. Alikuwa anayapeleka nyumbani kuyapiga pasi kwa malipo. Baadaye hayakutosha, akarudi dobi, na ule mgongo uliotakiwa uinuke umekunjika kuliko zamani. Na mimi, dada, nilibeba maneno yako makali kwake mwezi hadi mwezi, nikayafikisha kama yalivyo, nikala chakula alichopika. Naona aibu kuandika hata jina la utani mlilonipa.

Usiku wa tatu joto lilifika arobaini. Nilishika kalamu nikashindwa kuweka nukta. Leo asubuhi ni thelathini na saba na nusu. Amekunywa uji, akaniuliza kama mtoto ameota meno. Kwa mwaka mzima nimezoea kumjibu sijui, kwa kuwa ulinikataza kumpa habari zako. Leo nilitoa simu nikamwonyesha ile picha uliyonitumia. Aliniomba nimletee miwani. Ameyahesabu, mawili chini, na sasa amekatalia simu yangu, iko chini ya mto wake.

Nikasirikie mimi, nastahili. Ila mpigie yeye kwanza. Simu itakayolia ni yangu, lakini ataipokea Baba.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto kwa niaba ya babu yake.

Mdogo wako,
Kipimo