Wagiriki Vifua Wazi

3 Machi

Baba, shikamoo.
Habari za hapo nyumbani? Goti limepata nafuu? Mimi mzima, ila vidole vimeisha kwa sindano. Tunashona mavazi ya filamu ya vita vya Wagiriki wa kale. Mwongozaji anataka askari wapigane vifua wazi, kila mmoja akikimbia kivyake na upanga. Wewe uliyefundisha historia, hivi kweli walipigana hivyo?
Mwanao, Kitinda Mimba

14 Machi

Kitinda, marahaba.
Goti linanisumbua kwenye ngazi tu. Mama yako hajambo.
Nani aende kukutana na mikuki kifua wazi? Aliyejiweza alivaa shaba. Wengine kitani kilichobandikwa tabaka juu ya tabaka. Walisimama bega kwa bega na mikuki. Upanga ulikuwa akiba. Ngao ilimfunika mwenyewe na nusu ya aliye kushoto kwake. Ukiitupa, umemwanika jirani. Na wengi walikuwa wakulima, wengine na vitambi vyao. Mwambie, ila kwa adabu. Usije ukaikosa kazi kwa ajili yangu.
Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo. Natumaini hamjambo.
Nilimwambia. Akacheka: "Nani atakata tiketi kuona wakulima wenye vitambi?" Nikarudi kushona. Kesho yake akanifuata kwenye cherehani. Atarekodi pambano moja kama ulivyoeleza, mstari mzima, mradi jina lako liandikwe mwishoni mwa filamu: mshauri wa historia. Anasema watu wataamini zaidi. Najua jina lako hulitoi ovyo. Amua wewe.
Mwanao

20 Aprili

Mwanangu, sisi wazima.
Nimekubali. Mama yako ameshawatangazia majirani, na mimi sikumkataza.
Baba

9 Septemba

Baba, shikamoo. Hata kukujulia hali naona haya.
Filamu imetoka. Pambano letu wamelikata, zimebaki sekunde nne. Mengine yote ni vifua vinavyong'aa mafuta. Jina lako lipo, herufi kubwa. Niliomba walifute, wakaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Nisamehe.
Mwanao

30 Septemba

Baba, mbona kimya? Mama kwenye simu anasema tu upo.
Kitinda

18 Novemba

Kitinda wangu, marahaba zote nilizokunyima.
Hukunikosea. Niliiona filamu na mama yako, nikatoka kabla ya mwisho nisilione jina langu. Kwa wiki kadhaa nilikwepa hata salamu za barabarani. Baadaye nikajiambia, jina limo, na kujificha hakulitoi. Nikaenda shule yangu ya zamani, mwalimu mkuu akanipa dakika arobaini niwaeleze wanafunzi uongo uko wapi. Karibu wote walikuwa wameiona.
Nilianza kwa kukiri kwamba jina nililitoa mwenyewe, kwa kupenda sifa. Msichana mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, tumwamini nani?"
Nikamjibu, "Anza kwa kutoniamini mimi. Niulize nimejuaje."
Wakauliza. Miaka thelathini na moja nilifundisha somo lile, hakuna aliyewahi kunikatiza. Safari hii hata sentensi sikumaliza. Maswali mawili yalinishinda kabisa. Wamenitaka tena Alhamisi, kwa hiyo uniwie radhi barua ikiwa fupi. Nasoma.
Baba yako