Wimbo wa Mashine Niliousuka

Siku ya posho, Jumamosi, mwezi wa nane, 1979

Na waseme tena ndoa bila mashine njo kilio, ni matanga tu!

Walisema vile wale wakwe wa Kibombo, wakati orkestre ilikataa kuja. Kinanda chao, njo ile mashine, kinataka umeme, na Kindu yetu nzima haina. Mujukuu wangu Zaina, bibi arusi mwenyewe, akalia. Alitaka kuingia na wimbo ule wa kaseti, wa kinanda tupu.

Nikasikiliza kaseti mpaka nikaichukia. Mashine ile haina akili nyingi! Inarudilia neno moja, sawa mutu anayesuka ukili wa mukeka. Basi nikausuka wimbo wenyewe ndani ya ukili, kila rangi na kazi yake: jani jekundu, zeze ilie, jeusi, magitaa, jeupe, wote kimya.

Ndugu yangu Ramazani, muzee wa zeze, akacheka mbele ya wenzake wa magitaa. "Dada, sasa tutapiga mukeka?"

"Utaupiga, ao nitakupiga nao."

Leo, siku ya ndoa, nimeuvuta ukili mbele yao pole pole, wakafuata rangi. Niliogopa, sitadanganya. Lakini Zaina akaingia akicheka! Wakwe wakainuka kucheza, hata yule mama mukwe mwenye mudomo. Ukili ukaisha, watu wakakataa kukaa. Nikashika ncha, nikaiunga na mwanzo, nikavuta tena. Na tena. Mikono inaniwaka mpaka sasa. Iwake!

Mama mukwe akanijia na jasho lake. "Mashine mumeificha wapi?"

"Iko mbele yako," nikamwambia. "Haitaki umeme. Inataka chai, na sukari nyingi."

Akaenda kuileta mwenyewe.