Vumbi la Mkwe

Alhamisi, 26 Juni 1975

Kikao kingine gereji, hapa mjini Mazwi. Mimi na birika la chai, kama kawaida. Wanaume wazima wamezunguka gari moja chakavu, Pijo — na wote wataalamu! Swali ni lile lile: timu yetu ya mbio za magari itashinda tena? Eustaki, fundi wetu, anasema plagi. Ndugu Mwenyekiti Anyitike anasema tumepungukiwa ari. Ari! Labda tuimimine kwenye tangi.

Jambo lenyewe hawalitaji. Kaka yangu Clemens, dereva wetu, alishinda mbio za Saba Saba, kutoka hapa hadi Laela, mara mbili mfululizo. Alikuwa kapera. Kisha akamwoa Kristiana wa Mpui. Mwaka jana alikuwa anaongoza, akafika Mpui, akamwona mkwe wake, Mzee Zenon, amesimama kando ya barabara. Akafunga breki. Akashuka. Akavua kofia, akaamkia! Mzee akauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mahindi. Magari ya Mbeya yakapita moja baada ya jingine. Wakwe zao wako kwao.

Na watu wakamsifu: kijana ana adabu. Wa mwisho, lakini ana adabu!

Jumapili, 29 Juni

Baada ya misa tumeambiwa. Wilayani wamesema tukishindwa tena, Pijo linakwenda kijiji cha ujamaa kubeba mbolea. Clemens hakula. Shule ilimshinda, jembe linamshinda, anajua usukani tu. Nikamwambia, kwa sauti ya panya, mwaka huu apite bila kusimama. Akanitazama kama nimemtukana.

"Nimfunike baba mkwe vumbi?"

Kristiana alikuwa pale anapepeta ulezi. Hakuinua uso. Ila ungo ulisimama.

Ijumaa, 4 Julai

Hatimaye wamelitaja! Eustaki akashauri Clemens apunguze mwendo, apunge mkono.

"Mkono!" Mwenyekiti akashtuka. "Hata kwetu Tukuyu mkwe hapungiwi mkono kama tingo wa lori."

Mwingine akasema afungwe kitambaa machoni wakifika Mpui, asimwone mzee. Dereva! Kitambaa! Nusura nimwage chai. Na hawa ndio wanaotaka kuwashinda Mbeya.

Kumbadilisha dereva hawawezi, hakuna mwingine anayeziweza kona zile. Basi, uamuzi: mtu atumwe akamwombe mzee akae ndani mpaka magari yapite. Nani? Kila mmoja akatazama viatu vyake. Kisha wote wakalitazama birika.

Mimi! Nisiyethubutu hata kuomba chumvi kwa jirani. Eti mimi ni mtoto, mzee hatanikasirikia. Waoga wakubwa.

Jumatatu, 7 Julai — Mpui

Nimefika jana na lori la mahindi. Upepo, baridi ya kukata masikio. Mzee na mkewe wamenipokea vizuri mno, wakanichinjia jogoo. Kila nikifungua mdomo: "Kula, mwanangu." Nikala.

Leo asubuhi nimesema. Nimepiga magoti, macho chini, nikasema yote.  Kisha akasema mkwe akimpita bila kumsalimia, akifika huko aendako ageuze, amrudishe binti yake. Hana hata hasira! Kama mtu anayesema jua limechomoza.

Amevaa koti lake la misa. Ametoa kiti, ameketi kando ya barabara. Mimi nimejibanza ukutani, naandika ili nisisemeshwe.

Vumbi, upande wa mjini! Moja mbele, mengine mbali nyuma. Mngurumo huo naujua — ni letu. Tunaongoza!

Akipita, tutashinda, na Kristiana atarudishwa. Akisimama, mbolea. Na wale wa gereji sasa hivi wanakunywa chai yao Laela, wananingoja mimi niwashindie.

Mzee ameinuka. Anaona pale kando hataonekana vizuri. Anaburuta kiti — anataka kukiweka katikati ya barabara! Ni kizito, cha mninga. Amegeuka.

"Binti! Njoo ushike upande huu."

Nimeshaitika "Abee" —