Ndoo ya Pili

Mpendwa mama,

Unisamehe kwa kunyamaza tangu tulipokulaza hapa kibanjani, kando ya migomba yako. Nilidhani mtu mzima kama mimi hana haja ya kumwandikia mama asiyeweza kusoma tena. Jambo la bomba limenirudisha kwako.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisafisha chemchemi bondeni? Wanaume walitoa tope, wakapanga mawe, kisha wakaanza kuutazama mtungi wa rubisi. Wewe ulichota ndoo, ukaipandisha nyumbani, ukaimwaga pipani, ukashuka tena. Baba alinung'unika kwamba pombe itachacha. Ulimjibu bila kugeuka: "Kaeni. Sijachota mara ya pili." Hakuna aliyekunywa mpaka ndoo ya pili ijae, na mwaka mmoja ilipokosa kujaa, uliwarudisha wote topeni. Ndiyo maana chemchemi ile ilizidi kuwa nzuri kila mwaka.

Sasa tumejengewa bomba huku juu, kwenye njia ya Kamachumu. Siku ya wageni kutoka wilayani lilitoa maji, tukapiga makofi. Tangu hapo linajaza ndoo moja, linakohoa, linakauka. Ma Koku, jirani yetu, hunitania kila nipitapo: "Mwalimu, bomba lenu lina adabu. Linawaamkia wageni tu." Wanawake wamerudi bondeni.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya kupokea mradi. Mtendaji wa kijiji, ambaye nilimfundisha mwenyewe, anataka nitie saini kwamba kazi imekamilika na thamani ya fedha inaonekana. Ananieleza kwa heshima, na naamini ana hofu ya kweli, kwamba tukikataa, awamu ya pili itahamishiwa kijiji kingine.

"Saini, mwalimu. Marekebisho yatafuata."

Ninajua kwamba kazi ikishapokelewa, fundi harudi. Lakini nikikataa na bomba likaachwa hivyo hivyo, nani atapanda mlima na ndoo kichwani? Si mimi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jumapili, baada ya misa, mkutano wa kijiji utafanyika palepale bombani. Nimemwomba Ma Koku aje achote kwa ndoo yako, bado ninayo. Atachota, ataipeleka kwake, atarudi nayo tupu. Nimewaambia wajumbe wasiondoke kabla hajarudi. Kalamu itakuwa mfukoni mwangu.

Nikishaamua, nitakuandikia.

Mwanao, kifungua mimba wako