Folda ya Marehemu

Loyce, mbona hupokei simu? Basi soma.

Msimamizi wangu wa masta si alinisema, "Panga kazi zako, mahojiano yamezagaa kwenye simu"? Nikapanga. Bibi Grasiana wa Magoma, yule aliyeniimbia nyimbo za wakata mkonge, si amefariki? Nikamwekea folda yake. Nikaiita MAREHEMU.

Marehemu, Loyce. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Leo mama mkwe anamtafutia mtoto katuni, akaiona. Akamwita Frank: "Mwanangu, mtoto anachezea simu yenye wafu?"

Na mume wangu akafuta. Akafuta mpaka kwenye zilizofutwa.

Namuuliza kwa nini, ananijibu, "Si mama kasema." Mama naye: "Nimemkinga mjukuu wangu, wewe unalia nini?"

Nakala sina. Nilikuwa nasubiri bando.

Tasnifu nitaanza upya kwa wazee wengine, hilo siogopi. Lakini Evodia, binti yake Bibi, aliniomba sauti ya mama yake waisikilize kwenye arobaini, Jumamosi hii.

Sasa hivi kaniandikia: "Dada, hata ile anayocheka tu itatutosha."