Kofia ya Séverin

Lubumbashi, Makomeno
Februari 2009

Kwako yaya Kasereka, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako Kyakimwa. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na mke wako na watoto, na kwamba kifua chako kimepata nafuu. Je, huko Butembo dukani mnauza? Barabara ya Goma inapitika? Habari za vita zinatufikia huku vipande vipande, na kila kipande kinatutia hofu. Mimi ni mzima, nasoma pale chuo kikuu, Kasapa, siku ambazo walimu hawajagoma. Barua hii anakuletea mama Dorcelle wa maharage, pamoja na kifurushi kidogo. Nakuomba usikifungue kabla hujamaliza kusoma. Nakujua wewe, mikono yako hutangulia.

Mji huu umelegea. Tangu bei ya shaba ianguke mwaka jana, viwanda vya kuyeyusha madini vimezima moto kimoja baada ya kingine, na baadhi ya wenyewe walipanda ndege bila kuaga. Wanaume waliozoea kurudi nyumbani na mkate wanashinda wamekaa mbele ya nyumba. Mdogo wetu Séverin alikuwa mmoja wao, nawe hukumwona wakati ule. Alilala akitazama ukuta. Akiitwa kula anasema nakuja, haji. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikamwitia mchungaji, wapi.

Aliyemtoa kitandani ni papa Léonard Mukuka, huyo unayemwita mchawi. Uliniuliza ni mtu wa namna gani, na sasa naweza kukujibu, maana miezi hii kazi yangu ni kumsikiliza. Aristote, kijana wa hapa aliyesomea filamu Ubelgiji, anatengeneza documentaire, yaani filamu ya mambo ya kweli, juu ya Léonard na chama chake cha Simama Wewe. Akanichukua niwe mtu wa sauti. Namfunga msemaji kipaza sauti kidogo kwenye shati, navaa vya masikioni, na chochote anachosema kinaingia kwangu, hata akikohoa.

Léonard ni mwenyeji kabisa, baba yake na babu yake walizeekea migodini. Ni mfupi, ana sauti nzito, anapenda kusifiwa, na akikutazama unajikuta unakaa vizuri. Alipofukuzwa kazi aliwakusanya wenzake kwenye kiwanja chake huko Annexe, pembezoni mwa mji, wakaanza kukata mabati ya zamani na kuunda mbabula, yale majiko ya makaa ya huku. Asubuhi wanasimama mduara, kila mmoja anataja kazi atakayofanya, na jioni anaulizwa ameifanya au hakuifanya. Wengi, na Séverin mmojawapo, wanalala huko huko. Ni hivyo tu, lakini mamia ya watu wanakula kwa hivyo tu.

Kinachowagombanisha watu ni sheria yake ya kilio. Huku mtu akifa, ndugu na jirani wanahamia kwa mfiwa, wanalala nje kwenye mikeka, moto unawaka, siku zinapita. Léonard amekataza. Mwanachama akizika anarudi kazini siku ile ile, na msiba wa mbali haendi kabisa. Alisema mbele ya kamera: "Mufu halombi bukari. Bazima njo banalomba." Yaani maiti haombi ugali, wazima ndio wanaoomba. Hapa Makomeno familia moja ilipiga gari lake mawe. Mama mmoja, Hortense, alimwambia Aristote kwamba Léonard amewapa watoto wake kazi, kisha akamnyang'anya watoto wenyewe. Nilipoyasikia maneno hayo nilikukumbuka wewe.

Maana nakumbuka kiapo chako. Mama alipofariki mwezi wa kumi na moja, ulimtumia Séverin tiketi ya ndege, akairudisha. Nikaja peke yangu, tukamzika mama, na kitinda mimba wake hakuwepo kutupa udongo. Ulisema mbele ya wajomba kwamba siku ya kumaliza matanga, mwaka huu, utatangaza kuwa Séverin si mtoto wa nyumba yetu. Siku hiyo inakaribia, na filamu itaonyeshwa kwenye televisheni kabla yake. Naogopa ukiiona utaapa mara ya pili.

Utamwona Séverin amekaa kando ya mbabula, amevaa kofia ya sufu. Anasema bila kupepesa macho kwamba siku aliyosikia mama amefariki alifanya kazi kama kawaida, na kwamba mama angefurahi. Sehemu hiyo tuliipiga wiki niliyorudi kutoka mazishini. Jua lilikuwa kali, na Aristote akamwomba avue kofia kwa sababu inamtia kivuli machoni. Akakataa. Akaombwa tena, akakataa kwa ukali, mpaka Léonard aliyesimama nyuma ya kamera akasema: "Mumuache, munamusumbua." Nilishangaa, kwa sababu Léonard hana desturi ya kumtetea mtu. Nilikuwa na hasira mno, yaya. Kama nisingekuwa kazini ningemvua mwenyewe kwa kofi.

Kamera ilipozimwa alienda nyuma ya nyumba kunawa, na kipaza sauti changu kikiwa bado shatini mwake. Nikamfuata kukichukua. Nilimkuta kofia iko chini, anajimwagia maji, na kichwa chake kimenyolewa chote kama chako siku ile ya kumzika mama. Nikamuuliza ni nani amemnyoa, maana mfiwa hajinyoi, na mimi ndugu yake wa pekee katika mji huu nilikuwa Butembo.

Akanieleza taratibu. Tiketi hakuirudisha kwa ajili ya sheria. Aliogopa kwamba akifika nyumbani atalala tena akitazama ukuta, safari hii ukuta wa mama, na hatainuka. Léonard alimkuta karakanani ameshika mkasi wa bati, hakati kitu. Akawarudisha wengine makwao, akafunga lango, akawasha mbabula katikati ya kiwanja, akatandika mkeka. Akamnyoa kwa mkono wake, kisha akakaa naye kilio mpaka kulipokucha. Alimwambia: "Lia, mutoto yangu. Kesho utavaa kofia."

Sasa, yaya, usipige meza. Maneno hayo yote yaliingia kwenye mashine yangu. Ndiyo Aristote aliyokuwa akiyatafuta tangu tuanze: mkataza kilio amekaa kilio. Yangemuumbua Léonard, na yangemsafisha Séverin mbele yako kwa sauti yake mwenyewe. Nilikaa nayo siku kadhaa, kisha nikayafuta. Aristote nilimwambia hapakuwa na kitu, ni maji tu. Nimemdanganya mtu anayenilipa, na inaniuma. Lakini niliwafikiria wale wa mduara wa asubuhi, na Séverin akisimama kati yao, nikashindwa kuwavunjia chama chao. Kwa hiyo filamu itakuonyesha kofia tu.

Sikuombi usimkasirikie. Hata mimi sijamaliza, maana nilitaka kuwepo nimshikie beseni akinyolewa. Ila sasa fungua kifurushi. Kitambaa ni kipande cha kitenge cha mama, kile nilichopata tulipogawana nguo. Zilizomo ndani ni nywele za Séverin. Léonard hakuzitupa, alizitunza hadi aje mtu wa nyumbani. Zichimbie kaburini, pale miguuni pa mama, kabla ya siku ile, halafu utangaze utakachotangaza.

Nisalimie shemeji na watoto, na wajomba wote. Séverin hajui kwamba nimekuandikia. Nilimuuliza kijuujuu kama ana salamu za kukutumia, akasema anazo, lakini anaogopa utazirudisha.

Mdogo wako akupendaye,
Kyakimwa