Pengo kwenye Kopo la Samli

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Leo nimesomeshwa sheria. Mimi, Abdulmalik mchora mabango wa Garsen, miaka hamsini na mbili, nimekalishwa kwenye kiti cha plastiki ukumbini kuanzia saa tatu mpaka saa nane, nikiambiwa vitu gani duniani si vyangu. Orodha ni ndefu.

Hawa, mama yake Kassim, ndiye aliyenikokota. Yeye anauza samli, na lebo ya makopo yake niliichora mimi, mwaka 2014: chombo cha maziwa cha kufumwa, kile cha akina mama wa Kiorma, na mstari wa meno meno umezunguka tumbo. Ndiyo kazi yangu pekee iliyowahi kufika Malindi. Mimi mwenyewe nimefika mara chache kuliko hiyo lebo.

Mwalimu alikuwa wakili Bahiya kutoka Malindi, binti mdogo tu, lakini sauti yake inafika nyuma bila kipaza sauti. Nilichoshika: chapa ya biashara ni alama ya kumwonyesha mnunuzi kuwa mali hii ni yako, si ya jirani. Unaisajili, inakaa miaka kumi, unaihuisha. Hakimiliki ni kitu kingine — inazaliwa na mchoro wenyewe siku ile ile unapouchora, bila kulipa mtu, na hudumu miaka hamsini baada ya wewe kufa. Nikafurahi. Sina kitu kingine kitakachonizidi umri hivyo, labda deni la shukrani kwa mama mkwe.

Kisha akauliza nani humu amewahi kuchora nembo ya timu ya Ulaya kwenye ukuta wa kinyozi. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Vinyozi vinne. Vitano, ukihesabu kile cha Minjila.

Jumanne, 16 Septemba

Bahiya hajarudi Malindi. Amekuja na Hawa hapa karakanani kwangu, akakaa kwenye mkebe wa rangi kama mtu wa nyumbani.

Hawa ana haraka, na si haraka ya bure. Kuna mtu huko Malindi anachanganya mafuta ya kupikia na rangi ya njano, anatia kwenye makopo yenye chombo kile kile. Mteja mmoja alimletea Hawa kopo hilo. Akaonja, akatema, akasukutua. Na duka kubwa lililotaka kuchukua samli yake limesema: lete kwanza cheti cha chapa, ndipo tuzungumze. Wanawake kumi na mmoja wanamletea Hawa maziwa kila asubuhi. Cheti kikikosekana, na wao wamekosa.

Bahiya akaishika lebo, akaizungusha, kidole kikasimama mahali pamoja. Akasema meno haya ni ufumaji wa jamii nzima, hakuna mtu mmoja anayeweza kuyazungushia ua, hata kuna sheria yake ya 2016. "Lakini hapa jino moja halipo. Hili pengo ndilo lenye nguvu."

Kweli. Wateja wa Malindi hawasemi samli ya Hawa. Wanasema samli ya pengo.

"Nani alilibuni?"

"Fundi," akasema Hawa. "Msimwone hivi, huyu ana kichwa."

Nikainama kuosha brashi. Ilikuwa safi.

Alhamisi ya wiki ijayo Bahiya ataleta karatasi. Nitie sahihi kwamba mchoro ni kazi ya akili yangu na kwamba nimemkabidhi Hawa. Anasema kwa sheria yetu kazi uliyoagizwa huhamia kwa aliyeagiza, msipopatana vingine, ila karatasi hufunga midomo. Nikasema hakuna shida.

Wakati wa kuondoka Hawa alisimulia tena habari ya wifi yake Abdia, dada mkubwa wa mumewe. Miaka kumi na moja hajaonja hata kijiko cha samli yake. Akiletewa, tumbo linauma. Akiitwa nyumbani, mguu unauma. "Sijui nilimkosea nini," akasema, akicheka. Macho hayakucheka.

Jumatano, 17 Septemba

Shida ipo.

Naandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo. Lile pengo sikulibuni. Mimi sijabuni kitu tangu nizaliwe. Simba niliyembuni mwenyewe, pale kwenye duka la nyama, watu humwita mbwa wa Abdulmalik.

Ilikuwa hivi. Hawa aliniambia chora chombo chetu, nitakuletea changu uangalie. Hakuleta. Mimi nina haraka, tayari nimeshapokea malipo, makopo mawili ya samli na jogoo. Na jikoni kwetu siku hizo kulikuwa na chombo kimetundikwa. Ruwaida, mke wangu, alikuwa amejifungua kitinda mimba wetu, na kuna mtu alimletea maziwa ndani yake. Nikakaa chini, nikakichora kama kilivyo. Jino lililokosekana nikaliacha likosekane. Mwigaji mzuri haachi kitu.

Hawa alipouona mchoro alisema, "Hili pengo umelitoa wapi? Una kichwa wewe." Hapo ndipo ningesema. Nikasema ahsante.

Na mwenye chombo? Abdia.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimemwambia Ruwaida. Alikuwa anakuna nazi. Hakusimama.

"Kwa hiyo ile picha uliyotundika sebuleni, unaonyesha wageni, ni chombo cha Mama Abdia?"

"Ni hicho."

"Na mimi ndiye niliyekirudisha. Na maembe juu."

Maana chombo cha mtu hakirudi kitupu, hilo hata mimi nalijua. Nikamwambia labda wanawake wote wa Kiorma huacha pengo. Labda ni desturi. Ikiwa ni desturi, mimi si mwizi, ni mtu tu asiyejua.

"Basi nenda ukamuulize," akasema. "Vaa shati zuri. Mwizi mchafu hahurumiwi."

Jumapili, 21 Septemba

Nimekwenda. Pikipiki saa nzima, vumbi mpaka kwenye kope. Shati zuri limekufa njiani.

Abdia yuko vilevile, mrefu, amenyooka, na ulimi wake haujazeeka. "Leo mtu wa mto amekuja kwa wafugaji," akasema, maana sisi tunalima kando ya mto. "Ndizi zimeisha?" Nikasema zipo, nimekuja kwa ajili ya chai. Akanipa chai yenye maziwa mengi na harufu ya moshi. Chombo kilikuwa pale pale ukutani. Pengo likinitazama.

Nikauliza kwa mbali, kama mtu anayependa tu mambo ya ufumaji. Kwani nyote huacha jino moja?

"Hapana. Hiyo ni yangu."

Akanieleza. Alikuwa bibi harusi, anafuma chombo chake cha kwanza, akakosea kuhesabu, jino likaruka. Mama mkwe akamwambia fumua. Akakataa. Kwa sababu pale bomani wanawake walikuwa saba, vyombo vyote vinakaa pamoja vikifukizwa moshi, asubuhi ni ugomvi: hiki changu, hiki chako. Chake hakikuchukuliwa hata siku moja. Toka hapo kila chombo anachofuma, anaruka jino moja makusudi.

Bahiya alitumia saa tano kutueleza jambo hilo, na picha ukutani.

"Na hakuna mwingine aliyewahi kufuma hivyo?" nikauliza. Nilikuwa bado na tumaini dogo.

"Nani ataiga kosa la mwenzake?"

"Mimi," nikasema.

Basi nikamwambia yote. Jikoni, jogoo, mpaka ile ahsante. Alisikiliza bila kuniondolea macho. Halafu akauliza, "Hawa anajua?"

"Hajui. Anadhani nilibuni."

Akageukia chombo ukutani. Ndama alilia mahali. Akasema miaka kumi na moja analiona kopo la wifi yake madukani, na chombo chake juu, akidhani Hawa amekiiba ili auzie samli. Hakusema kitu kwa ajili ya ndugu yake. Ila kuonja asingeweza.

Kumbe ni mimi. Lile tumbo lililokuwa likiuma, ule mguu. Mimi na penseli yangu.

Nikaomba radhi. Akasema, "Radhi ya mtu wa mto nitaipima." Kisha akauliza karatasi inatiwa sahihi lini.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimekwenda kwa Hawa nimwambie. Nimenunua kopo moja la samli, nikarudi. Ruwaida amesema sasa tunayo manne.

Alhamisi, 25 Septemba

Naandika karakanani, daftari limelala nyuma ya mkebe wa rangi nyekundu. Hakuna anayenitazama. Nimetazamwa vya kutosha tangu asubuhi.

Bahiya alifika saa nne, karatasi tatu, kalamu yake mwenyewe. Hawa amevaa buibui jipya. Nikapewa kalamu. Nikasema, "Kabla sijaandika, kuna jambo." Nikakohoa. Nilikuwa natafuta la kukohoa tena wakati kivuli kilipoingia mlangoni, na Abdia akapita moja kwa moja mpaka kwenye meza. Akafungua leso. Akaweka chombo chake kando ya kopo la Hawa.

Pengo na pengo.

Bahiya akaurudisha mfuniko wa kalamu nikiwa bado nimeishika. Hawa akatazama chombo, akatazama kopo, akanitazama mimi.

"Fundi."

Nikasema yote, kwa maneno machache kuliko Jumapili.

"Miaka kumi na moja nakusifu kichwa."

"Ndiyo."

"Na wewe unaitikia."

"Ndiyo, Mama Kassim."

Hapo akamgeukia Abdia. Sikusikia alichosema, walisema Kiorma, lakini sauti ya Hawa ilikatika katikati. Abdia akajibu neno moja, akanielekezea kidevu. Nadhani halikuwa neno baya sana. Nadhani.

Bahiya akapanga mambo. Ombi linaweza kuwa la wawili, au Abdia aandike kuwa ameruhusu. Ila bila ridhaa yake hapeleki kitu, maana likitangazwa, Abdia ana siku sitini za kupinga, na ushahidi wake huu hapa mezani unanuka moshi.

Abdia akamuuliza, "Mtu wa Malindi akiona pengo yangu kwenye hiyo kopo, itamwambia nini?"

"Kwamba samli iliyo ndani ni ya nyinyi, na ni ile ile aliyoipenda jana."

"Basi lazima nijue ni samli gani."

Akaomba kijiko. Nikampa kisu changu cha rangi. Wanawake watatu walinitazama kwa pamoja. Nikakimbia kwenye kibanda cha chai cha jirani, nikarudi na kijiko. Hawa hakuweza kufungua kopo analofungua mara arobaini kwa siku. Bahiya akalifungua.

Abdia alinusa kwanza. Akauliza amefukiza kwa mti gani. Hawa akautaja, kwa sauti ya mtoto wa chuo mbele ya mwalimu. Abdia akachota. Akatia kijiko mdomoni, akafumba macho.

Bado amefumba. Hawa ameshika ncha ya buibui lake na ameikunja yote ndani ya ngumi. Karatasi ziko chini ya chombo, zisipeperuke.

Sasa amefumbua. Hatazami mtu. Anakitazama kijiko.

Amechovya tena.